Taa ya Nyuma

Shangazi yangu hajawahi kufukuzwa mahali popote, na hilo ndilo tatizo lake. Wapo watu waliofukuzwa kazi, wakafukuzwa nyumba, wakafukuzwa hata na wake zao, na kila walipofukuzwa walijikuta barabarani, begi mkononi, njia zote ziko wazi. Shangazi yeye husifiwa. Anasifiwa, anapigiwa makofi, na makofi yakiisha anakuta mlango umeshafungwa kwa nje.

Tuanze nyumbani. Bibi alipoanza kusahau jiko likiwaka, watoto wake walikaa kikao. Kila mmoja alikuja na sababu yake ameipiga pasi vizuri: huyu nyumba yake ina ngazi, yule mke wake ana presha, mwingine yuko mbioni kuhama, na yuko mbioni hivyo hivyo mpaka leo. Baba yangu, ambaye sauti yake huwa nzito zaidi anapokwepa jambo, akasema, "Kusema kweli, hakuna anayemwelewa mama kama dada yetu." Wengine wakaitikia. Shangazi alikuwa ametoka kwenda kuleta chai. Aliporudi na sinia, maisha yake yalikuwa yameshagawanywa na kila mtu anamtazama kwa upendo.

Kazini ni hivyo hivyo. Anafanya kazi kwa dobi mkubwa anayefua mashuka ya hoteli. Chumba cha pasi kiko nyuma kabisa. Hakina dirisha, kina tundu la feni tu, na feni yenyewe huzunguka kama mtu anayefikiria kuacha kazi. Katikati kuna mashine yenye rola ndefu ya moto: wawili wanalisha shuka upande huu, wawili wanalipokea upande wa pili na kulikunja kabla halijawaunguza. Shangazi anapokea. Shuka likifika mikononi mwake linakunjika lenyewe, kona juu ya kona, utadhani limefundishwa na wazazi wake. Mara nyingi ameomba ahamishiwe kaunta ya mbele, penye kiti, mlango wa kioo na watu wanaopita. Bosi humjibu, "Mama, ukitoka wewe huko nyuma, nani atanikunjia?" Mwaka mmoja akampa cheti cha mfanyakazi bora. Kikatiwa fremu, kikatundikwa kaunta. Cheti kikapata kazi ya mbele kabla ya mwenyewe.

Ndiyo maana alipojiunga na klabu ya wapanda vilima, sisi wa nyumbani tulishangaa lakini tulimwelewa. Mwenzake wa kwenye rola ndiye aliyempeleka. Jumamosi ya kwanza alirudi na tope mpaka magotini, anacheka peke yake jikoni. Bibi akamuuliza, "Umeanguka?" Akajibu, "Nimeanguka, mama. Mara mbili!" kama mtu anayetangaza kupandishwa cheo.

Klabu yenyewe ni watu wa kila aina: walimu, wauguzi, fundi viatu mmoja, na vijana wa benki wenye viatu vya kupandia milima vinavyojua zaidi kuliko miguu iliyomo. Hukutana Jumamosi asubuhi kituo cha mafuta, wanapanda basi la kukodi, wanakwenda kutafuta mwinuko wa kuwatoa pumzi. Mwenyekiti ni mwenye duka la vioo. Ana filimbi shingoni na kipaza sauti cha mkononi, na sauti yake haihitaji hata kimoja.

Wana sheria moja wanayoiheshimu kuliko amri za Mungu. Mbele anatembea Mwenyekiti. Nyuma kabisa anatembea mtu mmoja aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, kile cha kung'aa cha mafundi wa barabara. Hakuna mwanachama anayebaki nyuma ya kizibao, na kizibao hakimpiti mtu. Walioko juu wakitazama chini wakaona chungwa linapanda, wanajua klabu yote imo. Hakuna haja ya kuita majina. Kizibao kikifika, watu wote wamefika.

Wiki moja baada ya shangazi kujiunga, mvaaji wa kizibao alihama mji. Mwenyekiti akauliza nani atashika nafasi kwa siku hiyo tu. Watu wote wakagundua kwa pamoja kwamba kamba za viatu vyao zimelegea. Shangazi akasema, "Nipe. Leo tu."

Hiyo leo ikaendelea miaka sita.

Kutembea nyuma si kazi ngumu, ila nyuma yenyewe ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa mzee mmoja, dereva wa malori mstaafu, mmoja wa walioanzisha klabu. Magoti yake yalikuwa yamebaki barabarani zamani, lakini mwenyewe hakukubali kubaki nyumbani. Wenzake walimwita Gia ya Kwanza, naye hakukasirika. Alilipiza kwa kumwita shangazi Taa ya Nyuma, na jina likashika. Mzee alipanda kama lori lenye mzigo. Anakwenda kidogo, anasimama, anapoza injini, anasimulia ajali ya mtu mwingine, anakwenda tena. Shangazi nyuma yake, mikono mfukoni.

Sasa piga picha mwenyewe. Wenzao wanafika kileleni, wanakula, wanapiga picha, wanaanza kushuka. Shangazi na mzee wanakutana nao njiani, bega la mwisho la mlima, pale kilele kinapoonekana kama kichwa cha mtu aliyekaa ukumbini kiti cha mbele yako. Mwenyekiti anapuliza filimbi, anasema, "Hongereni, mmefika!" na wote wanageuka. Shangazi hakuwahi kufika. Miaka sita ya uanachama, na ukutani kwa Mwenyekiti, kati ya vioo, zimejaa picha za vileleni: watu wameinua mikono, wamekunja nyuso kwa jua. Shangazi hayumo hata moja. Kwenye moja, ukisogea karibu sana, kuna nukta ya chungwa chini kulia. Nilidhani ni uchafu wa kioo mpaka aliponionyesha mwenyewe.

"Ndiyo mimi huyo," alisema. "Nimetoka vizuri?"

Kila mwisho wa mwaka klabu hufanya mkutano wake juu ya mlima mrefu kuliko yote wanayoipanda. Vijana hutangulia na vyakula, na hupigwa picha kubwa inayokaa dukani mwaka mzima. Safari hii shangazi aliamua. Ijumaa jioni nilimkuta anakunja nguo za bibi huku midomo yake inacheza, anajifunza la kusema.

"Kesho narudisha kizibao," aliniambia. "Nitanyoosha mkono. Nitasema, ndugu zangu, nimewahudumia, sasa naomba mwenzangu anipokee, na mimi nifike juu. Basi. Kuna tusi hapo?"

"Hakuna. Ila umezidisha adabu."

"Wewe uliyeacha chuo katikati utanifundisha kuongea?"

"Mimi angalau nimeacha kitu, shangazi."

Akanitupia soksi. Bibi akanyanyua kichwa. "Unaenda wapi?"

"Mlimani, mama. Kesho. Jirani atakaa na wewe."

"Utarudi saa ngapi?"

"Jioni, mama."

Bibi akatikisa kichwa, akatulia, akatazama mikono yake. "Unaenda wapi?"

Nikasema nitakwenda naye. Nilitaka kuona mtu wa ukoo wetu akikataa kitu hadharani.

Asubuhi, chini ya mlima, Mwenyekiti alipanda ngazi ya basi na kipaza sauti. Shangazi akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamwona, uso ukamjaa furaha.

"Aha! Huyo huyo! Shusha mkono, mama, leo hatusikilizi unyenyekevu wako. Leo tunaongea sisi!"

Akatoa mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na kizibao kipya, kitambaa kizito, mifuko minne, zipu badala ya vifungo. Akakigeuza watu waone mgongo. Kimeandikwa TAA YA NYUMA kwa herufi za kung'aa, kubwa kuliko jina la shule kwenye geti.

Makofi yalipigwa mpaka dereva wa basi akatoka kuangalia kulikoni. Muuguzi mmoja alifuta machozi. Walimvalisha wao wenyewe, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, wakamfungia zipu mpaka kidevuni. Kilimkaa sawasawa. Nadhani hilo ndilo lililoniuma: mtu alikuwa amemkadiria vipimo kwa macho, taratibu, kwa mapenzi, kama wanavyompima maiti.

"Neno! Neno!" watu wakapaza sauti.

Shangazi alitazama nyuso zote zile. Alikuwa na hotuba nzima kinywani, niliijua mpaka nukta. Akasema, "Asanteni sana."

Tukapanda. Mwenyekiti na wenzake wakapotea mbele kwenye vichaka kwa vicheko. Nyuma tukabaki watatu: Gia ya Kwanza, mimi, na mgongo ulioandikwa. Mzee, kinyume na kawaida yake, hakusimulia ajali yoyote. Tulipofika kwenye mawe makubwa katikati ya mlima alisimama, akakaa juu ya moja, akamgeukia.

"Wewe unataka kupita."

"Mimi? Sina haraka mimi, mzee."

"Nimeendesha lori maisha yangu yote. Gari dogo likitaka kunipita nalijua kabla halijawasha taa. Wewe unanipumulia mgongoni tangu asubuhi."

"Pumzi tu za mlima."

"Za mlima nazijua, ni zangu hizo. Zako ni za hasira." Akatoa yai la kuchemsha mfukoni, akaligonga kwenye jiwe. "Hebu nisomee sheria. Nani anatembea nyuma?"

"Mwenye kizibao."

"Na hapa wa nyuma kweli, ukiacha adabu, ni nani?"

Shangazi akaanza kuokota maganda ya yai.

"Sema, sitalia."

"Ni wewe, mzee."

"Basi umevaa nguo yangu. Lete."

Walimu, wauguzi, vijana wa benki, wote wamekaa vikao miaka sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba anayechelewa kuliko wote anaweza kukivaa mwenyewe. Shangazi alishika zipu, akaiachia. "Ukianguka je?"

"Nikianguka nitakuwa nimeshakaa, si unaona? Na huyu mtoto wa kaka yako yupo. Ana kazi gani huku zaidi ya kutucheka? Nenda, mama. Wakimaliza kupiga picha usije ukasema nilikuzibia barabara."

Alivua. Alimvalisha mzee, akamfungia zipu, akamnyoosha kola, kwa sababu hawezi kuacha nguo ikae vibaya juu ya mtu. Kisha akaondoka. Mwanzo alitembea kwa heshima, anageuka kutuangalia. Halafu akaacha kugeuka. Halafu, kwenye kona ya juu, nikamwona shangazi yangu anakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimkuta na nguo kambani.

Yaliyotokea juu alinisimulia yeye, kidogo kidogo, kwa siku nyingi.

Alifika. Walikuwa wamejipanga tayari kwa picha, Mwenyekiti katikati, warefu nyuma. Shangazi alitokea kwenye njia, anahema, anatabasamu, ameinua mkono kuwaomba wamngojee. Na wote walipomtazama hakuna aliyemwona yeye. Waliona kifua kisicho na chungwa.

"Mzee!" muuguzi alipiga kelele. "Mzee amepatwa na nini?"

Kwao hakukuwa na maana nyingine. Taa ya Nyuma haiwezi kuwa juu. Ikiwa juu, mtu amekufa chini. Shangazi alisema, "Hamna kitu, yuko salama, amevaa…" lakini Mwenyekiti alishapuliza filimbi ile ya hatari, safu ikavunjika, watu wanagombania sanduku la huduma ya kwanza. Alimshika bega mmoja, alimshika mwingine. "Jamani nisikilizeni! Mzee anakula yai!" Mwenyekiti akamkumbatia. "Pole mama. Pole sana. Umepata mshtuko, usijilazimishe kuongea. Kaa hapa upumzike, tutashughulika." Akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe cha kukunja, akamfunika koti, akakimbia na wenzake wote.

Sisi tulisikia mngurumo kwanza. Nikadhani ni mawe yanaporomoka. Mara wakatokea, klabu nzima, vumbi mpaka nyusi, wakamwangukia mzee pale juu ya jiwe lake.

"Asinyanyuliwe!" alisema muuguzi wa kwanza.

"Mnyanyueni!" alisema wa pili.

"Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia. Toa mkono mdomoni kwangu nimalize yai."

Nilijaribu kueleza. Tangu safari ya asubuhi ndani ya basi nilikuwa nimeshapata sifa ya utani kwa wanaklabu, na ukishakuwa na sifa hiyo hata ukisema moto watu wanacheka. Kijana wa benki aliniambia huu si wakati wa mizaha. Walitengeneza machela kwa makoti na fimbo za kutembelea, wakamfunga Gia ya Kwanza kama mzigo wa magodoro. Mzee aliwatukana matusi ya barabara kuu, yale ya dereva aliyekatiwa njia na basi, na mengine yalinigusa hata mimi niliyekuwa pembeni. Muuguzi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Amechanganyikiwa, maskini. Si kawaida yake." Wakamshusha mlima mzima.

Chini walimpima presha. Ya mzee ilikuwa nzuri kuliko ya Mwenyekiti. Hata hivyo walimweka kiti cha mbele, blanketi mpaka shingoni, kizibao kinang'aa chini yake. Watu wakapanda basi wakiwa hoi, njaa imewauma, chakula kimebaki kileleni. Mwenyekiti akachungulia ndani, akaona chungwa lipo, akapumua.

"Kizibao kimo. Twende!"

Basi likawashwa. Naapa. Likasogea kabisa.

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Shangazi yangu yuko juu!"

Dereva akakanyaga breki. Ukimya ulioingia mle ndani, ungeweza kuukunja kama shuka. Kila mtu alimtazama mwenzake, kisha wote wakatazama kola ya chungwa iliyochomoza kwenye blanketi la mzee.

Mwenyekiti alitaka kutuma kikosi. Mzee akasema kutoka ndani ya blanketi, "Mwacheni. Kakaa nyuma yenu miaka sita, na hakufa. Ngojeni na nyie."

Tukangoja. Jua likasogea upande wa pili wa basi, waliokuwa kivulini wakaanza kulalamika, waliokuwa juani wakanyamaza. Watu waliolipuka kwa makofi asubuhi sasa walikuwa wanatazama njia. Mwenyekiti alishuka, akapanda, akashuka. Alijaribu filimbi mara moja, mzee akamtazama, akaiacha.

Nilipomuuliza baadaye alifanya nini muda wote ule, aliniambia alikula. Alikula paja la kuku lililotengwa kwa ajili ya Mwenyekiti, akala na la pili. Alikaa kwenye kiti cha kukunja akatazama upande ambao hakuwahi kuuona.

"Kulikuwa na nini?"

"Mlima mwingine. Na machimbo ya kokoto. Lori linaingia, lori linatoka."

"Basi?"

"Basi. Ila hakuna aliyeniita. Muda wote ule. Hakuna mtu aliyeniita."

Alishuka polepole, masufuria mkononi, maana hakuwa mtu wa kuacha vyombo. Mwenyekiti alimkimbilia, akampokea mzigo, akaanza kuomba radhi kwa sauti ya mkutano. Alisema klabu imejifunza. Alisema haitatokea tena. Na ili isitokee, kamati imeamua pale pale kwamba mzee apumzike nyumbani kuanzia sasa, na Taa ya Nyuma hatakuwa tena na mtu wa kumchelewesha. "Utafika juu kila Jumamosi, mama! Na kizibao chako!"

Watu wakataka kupiga makofi. Shangazi akainua kiganja, na kwa mara ya kwanza makofi hayakuja.

Alimtazama mzee kupitia kioo cha basi. Mzee alikuwa anatazama upande mwingine, kwenye ukuta wa choo cha pale basi lilipoegeshwa, kwa umakini wa mtu anayesoma. Kidevu kilikuwa kinamcheza. Nami nikaona shangazi anaiona hesabu ile ile ya kikao cha familia, ila safari hii yupo kikaoni mwenyewe, hajaenda kuleta chai.

"Mzee anakuja," alisema. "Kila Jumamosi."

"Lakini mama, nani atakaa naye nyuma?"

Watu wakaanza kuangalia kamba za viatu.

"Nitakaa mimi," akasema. "Nani mwingine? Lakini picha itapigwa hapa chini, kabla hatujapanda. Na chakula kitaliwa hapa chini, tukisharudi wote."

"Hapa?" Mwenyekiti alitazama huku na huku: basi, pipa la taka, choo. "Mama, sisi ni klabu ya milima. Picha yenye choo?"

"Choo kisogezwe basi."

Dereva wa basi akatoa kichwa dirishani. "Wakubwa, mimi nina safari nyingine. Mama ameshasema. Nani ana kamera niwapige?"

Wakajipanga. Wamejaa vumbi, wamenuna, njaa inawasokota. Mzee alitolewa na blanketi lake. Shangazi alisimama katikati mbele, hakuvaa kizibao, amekunja mikono. Ndiyo picha iliyoko dukani sasa. Wateja wa vioo huuliza kama ni watu waliookolewa kwenye ajali.

Picha ilipokwisha mzee alivua kizibao, akamrudishia. Shangazi alikivaa, akafunga zipu. Kisha akasimama kando ya mlango wa basi, mkono mmoja kwenye chuma, akawasogeza mmoja mmoja. "Ingieni, jamani. Ingieni. Mama yangu ananisubiri nyumbani."